Kiboko wa Ayubu na mifupa ya Tendaguru: Wakristo na swali la dinosaria

Jumapili moja baada ya ibada tulikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, mimi na wanafunzi wangu sita wa kipaimara, tukisoma Ayubu sura ya 40. Nilikuwa nasoma kwa sauti kutoka Biblia yangu ya Union, ile iliyobanduka jalada, nikafika kwa yule mnyama ambaye Mungu anamwonyesha Ayubu. "Kiboko," nikasoma. Binti mmoja wa kidato cha pili akanikatiza. "Yangu haisemi kiboko, mwalimu. Imeandikwa Behemothi." Akanigeuzia simu nione. Kijana aliyekaa pembeni yake akadakia kwamba Behemothi ni dinosaria, ameona kwenye video: mkia wake umefananishwa na mwerezi, na kiboko hana mkia wa kufananishwa hata na mche wa mwerezi.

Hapo yule binti akatoa lililokuwa likimkera. Shuleni amefundishwa kwamba dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Nyumbani mama yake amemwambia hayo ni maneno ya wazungu ya kuwatoa watoto kanisani. Na akifungua Mwanzo sura ya 1, anakuta kila kitu kimeumbwa kwa siku sita. "Nishike lipi?"

Nimeona vijana wakipotea kwa sababu ya jibu la haraka kwenye swali hili, kwa hiyo sikumjibu siku ile. Tulilichukua kwa Jumapili kadhaa. Ninachoandika hapa ndicho tulichokipitia, na nakisema mapema ninakoelekea: watu wengi wanahangaika na miaka, kama ni mamilioni au maelfu, na mimi naona fundo la miaka ndilo jepesi. Fundo gumu ni la kifo.

Tuanze na kiboko. Neno behemothi la Kiebrania, kwa umbo lake, ni wingi wa neno la mnyama, kana kwamba mshairi anasema "mnyama wa wanyama". Waliotafsiri Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, walimpa sura tunayoifahamu: kiboko. Lewiathani wa sura ya 41 wakamwita mamba, na wale viumbe wakubwa wa majini wa Mwanzo 1:21 wakawa nyangumi. Tafsiri za baadaye zikaliacha jina la Kiebrania kama lilivyo. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili anaweza kumwona dinosaria kwenye Ayubu au asimwone, kutegemea Biblia aliyoishika. Hakuna aliyemficha mtu kitu. Neno "dinosaria" lilitungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kutokana na Kigiriki, likimaanisha mjusi wa kutisha, na Biblia haimtaji kwa sababu ileile isiyomtaja pengwini wala kangaruu.

Je, Behemothi ni dinosaria? Sidhani. Mstari wa mkia kweli unasumbua, lakini soma na inayofuata: analala chini ya miti ya vivuli, kwenye mafunjo na matope, na mto ukifurika hatetemeki. Aliyewahi kumwona kiboko Rufiji au Mara hahitaji kuambiwa zaidi. Halafu Mungu anasema na Ayubu, mtu aliyefiwa na watoto wake wote. Anamwonyesha kiumbe ambacho Ayubu hawezi kukifuga wala kukielewa. Kugeuza sura hiyo kuwa ushahidi wa dinosaria ni kumwondoa Ayubu kwenye kilio chake.

Hili la "maneno ya wazungu" nililichukua kwa uzito, kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wataalamu, wakiongozwa na Werner Janensch, wakachimbua zaidi ya tani 200. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa hadi pwani, ikapakiwa melini. Dinosaria mmojawapo, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Hajarudi.

Kwa hiyo mama wa yule binti ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini mifupa hiyo si hadithi iliyoletwa na meli, maana iliondoka kwetu na meli. Aliyesimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya watu wa kusini walifukua kwa mikono yao, wakaona ubavu mmoja unavyowazidi kimo. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na tangu hapo wameendelea kupatikana wengine nchini, wengine wakibeba majina ya Kiswahili kabisa: Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu wa dinosaria, aliyetangazwa mwaka 2010, na Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019, aliyepatikana kwenye korongo la mto Mtuka, ambaye mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Wanafunzi walilirudia jina hilo mpaka wakalikariri.

Kuhusu umri, nitasema machache. Nimesikia mahubiri yanayobeza "kipimo cha kaboni" cha dinosaria. Kaboni haitumiki hapo kabisa. Nusu ya kaboni 14 huisha kila baada ya miaka kama 5,730, hivyo ikipita miaka elfu 50 hivi hakuna cha maana kilichobaki cha kupima. Kwa mawe ya zamani zaidi wanajiolojia hupima majivu ya volkano yaliyolala juu na chini ya mifupa: ndani yake mna chembe za madini zenye urani, na urani hugeuka madini ya risasi taratibu kwa kasi inayojulikana. Tendaguru yenyewe, inayokadiriwa kuwa na miaka kama milioni 150, ina jambo ambalo halihitaji hata mashine. Tabaka la mifupa ya nchi kavu limelaliwa na tabaka lenye makombe ya bahari, juu yake tena mifupa, juu tena makombe, na mifupa tena. Bahari iliingia na kutoka zaidi ya mara moja, na kila ilipotoka wanyama walirudi, wakaishi, wakafa. Gharika moja ya mwaka mmoja haiwezi kupanga mawe hivyo.

Sasa, jambo ambalo wanafunzi hawakulitegemea: wa kwanza kumpa dinosaria jina la kisayansi alikuwa kasisi. William Buckland, Mwanglikana aliyefundisha jiolojia Oxford, alimtangaza Megalosaurus mwaka 1824. Miaka michache kabla yake, mwaka 1821, kule Yorkshire kulipatikana pango la Kirkdale limejaa mifupa ya fisi, tembo na vifaru, wanyama ambao Uingereza hawakuwapo. Jibu la wakati ule lilikuwa rahisi: Gharika iliwasomba kutoka nchi za joto. Buckland akaangalia mifupa kwa karibu, akaona imetafunwa. Akatafuta fisi hai, akampa mfupa wa ng'ombe, akaukusanya ulipoguguniwa, akauweka sambamba na ule wa pangoni. Alama za meno zilifanana. Lile lilikuwa pango la fisi walioishi palepale vizazi kwa vizazi, wakiburuta mizoga kuingiza ndani.

Buckland bado aliamini matope yaliyofunika mifupa ile yaliletwa na Gharika ya Nuhu. Ushahidi ulipozidi kwenda kinyume, alibadili kauli, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1836 alikubali kwamba matabaka ya dunia ni ya kale mno kuliko Nuhu. Hakuacha kanisa. Mwaka 1845 aliwekwa kuwa mkuu wa Westminster Abbey. Mwenzake wa Cambridge, Adam Sedgwick, naye kasisi, alishaikana hadharani nadharia yake ya Gharika mwaka 1831. Hawa walikuwa watu wa madhabahuni, na waliyafanya haya kabla Darwin hajachapisha kitabu chake cha asili ya viumbe mwaka 1859.

Miaka elfu sita ambayo wengi wetu tumeikuta inatoka wapi, basi? Askofu mkuu James Ussher wa Ireland alijumlisha vizazi na tawala za kwenye Biblia, na mwaka 1650 akatangaza uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka huo ukaja kuchapishwa pembeni ya Biblia za Kiingereza, na kilichochapwa pembeni kikazoeleka kama aya. Ussher alikuwa msomi makini, sitaki kumdhihaki. Ila orodha za vizazi haziandikwi kama leja. Mathayo 1:8 inasema Yoramu alimzaa Uzia, wakati vitabu vya Wafalme vinaonyesha kati yao wapo wafalme watatu walioachwa. Kwetu hili si geni. Mzee akikuambia yeye ni mwana wa fulani, wakati mwingine fulani huyo ni babu wa babu yake.

Wakristo wanaosimama na miaka elfu sita hadi kumi bado wapo, tena wengi, na hawastahili kuitwa wajinga. Hoja yao ni hii: maandiko yanasema siku, yanaongeza "ikawa jioni, ikawa asubuhi", na amri ya Sabato kwenye Kutoka 20:11 inategemea siku sita za kweli. Ndugu zetu Wasabato wameliweka hili kwenye imani yao rasmi, na mwaka 2015 mkutano wao mkuu uliongeza msisitizo kwamba uumbaji huo ni wa karibuni. Msabato mmoja, George McCready Price, ndiye aliyeifufua mwanzoni mwa karne ya 20 hoja kwamba Gharika ndiyo iliyopanga visukuku vyote, na mwaka 1961 John Whitcomb na Henry Morris wakaisambaza kwa Waprotestanti wengine wa Marekani. Kule Kentucky ipo makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2007 ambako dinosaria wanaonyeshwa wakiishi pamoja na watu, na mwaka 2016 ikajengwa safina ya ukubwa kamili yenye vizimba vya dinosaria. Wanasema Nuhu aliwachukua wachanga ili watoshe. Video nyingi zinazowafikia vijana wetu zimetoka kwenye mkondo huo.

Wanaoshika miaka elfu sita hupenda pia kutaja kazi ya mwanasayansi Mary Schweitzer, ambaye mwaka 2005 alitangaza kwamba ndani ya mfupa wa Tyrannosaurus alikuta tishu laini inayonyumbuka. "Mnaona? Mifupa ni ya juzi!" Schweitzer mwenyewe ni Mkristo wa kiinjili, na hakubaliani na matumizi hayo ya kazi yake. Ameendelea kutafuta jinsi tishu ilivyoweza kuhifadhika, na hana shaka na umri wa mfupa.

Njia nyingine ni ile ya pengo, iliyoenezwa na mchungaji wa Scotland, Thomas Chalmers, mwanzoni mwa karne ya 19. Kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2, wanasema, kulipita muda usiojulikana: dunia ya kwanza ikaumbwa, ikaharibika, na dinosaria ni wa dunia hiyo. Msomaji wa Biblia ya Union huvutwa nayo kwa urahisi, kwa sababu "nchi ilikuwa ukiwa" kwa Kiswahili inasikika kama mahame, mahali palipokaliwa pakaachwa. Lakini hiyo ni ladha ya neno letu. Kiebrania hakisemi palikuwa na wakazi.

Wapo wanaoifanya kila siku kuwa enzi. Wana msingi: Mwanzo 2:4 inaita kazi yote ya siku sita "siku ile", Petro anasema kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na sisi wenyewe tukisema "siku hizi" hatuhesabu saa. Kinachowashinda ni mpangilio. Mimea ya siku ya tatu inalitangulia jua la siku ya nne, na ndege wanawatangulia wanyama wa nchi kavu, wakati miamba inaonyesha ndege walikuja baadaye. Ukishainyoosha siku ili ikubaliane na jiolojia, mpangilio nao unakudai uukunje.

Nilipofika hapa niliwaomba wanafunzi waache saa na kalenda, wasikilize sura ya 1 ikisomwa kama wanavyosikiliza utenzi. Haina vina, lakini ina kibwagizo: "Mungu akaona ya kuwa ni vyema." Tena ina mpango. Dunia inaanza ikiwa ukiwa na tupu. Siku tatu za kwanza zinaondoa ukiwa kwa kupanga mahali: nuru na giza, anga na maji, nchi kavu. Siku tatu zinazofuata zinaondoa utupu kwa kuwaweka wakazi mahali palepale: mianga, kisha ndege na samaki, kisha wanyama na mtu. Ya kwanza inaitikiwa na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Kijana wa video aliichora chini kwa kijiti, safu mbili, akanyamaza akiziangalia. Mwandishi anatuambia nani amepanga nyumba na kwa nini jua, lililoabudiwa na mataifa jirani, linatajwa siku ya nne kama taa tu.

Usomaji huu haukubuniwa ili kuwakwepa wanasayansi. Origeni wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliuliza ni mtu gani mwenye akili angedhani siku tatu za kwanza zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua. Augustino, Mwafrika wa Thagaste iliyoko Algeria ya leo, aliandika kwa miaka mingi juu ya Mwanzo na hakuweza kuzichukua siku zile kama siku za kawaida. Alionya pia jambo linalonigusa kila nikiingia darasani: asiyeamini akimsikia Mkristo akisema upuuzi juu ya vitu vya dunia ambavyo yeye anavijua vizuri, na kuutegemeza kwa Maandiko, atayaaminije Maandiko hayohayo yanapomwambia habari za ufufuo?

Kanisa Katoliki limefuata njia hiyo. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu wasomi wajadili asili ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia, mradi roho ishikwe kuwa yaumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana. Makanisa mengi ya Kilutheri na Kianglikana hayaoni ugomvi hapo, ingawa ukikaa kwenye viti vya nyuma vya makanisa hayo utasikia kila aina ya maoni.

Sasa kifo. Warumi 5:12 inasema kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti. Kama dinosaria walikula wenzao miaka milioni 150 kabla ya Adamu, mauti iliingiaje kwa Adamu? Tendaguru kuna meno ya wala nyama. Kwingine kuna mifupa yenye alama za meno, mifupa iliyovunjika ikaunga, mifupa yenye ugonjwa. Kinyesi kilichogeuka jiwe kimekutwa na vipande vya mifupa ndani. Huwezi kulikwepa hili kwa kunyoosha siku. Wanaoshika miaka elfu sita wanaona hapa ndipo Injili yote inaposhikiliwa: kama mauti haikuwa mshahara wa dhambi, Kristo alikufa kwa nini? Nawaheshimu kwa sababu wameiona hatari halisi. Wengine wengi hawajafika hata hapo.

Buckland alifika. Mwaka 1839 alihubiri kwenye kanisa kuu la Oxford juu ya swali hili hili: je, hukumu ya mauti ilihusu wanyama wote, au binadamu peke yake? Alijibu kwamba ilihusu binadamu. Nami nadhani alisoma vizuri. Paulo anamalizia mstari ule kwa "watu wote". Onyo la Edeni alipewa mtu, si simba. Na Zaburi 104, ambayo ni wimbo wa uumbaji mwanzo hadi mwisho, inasema wana-simba hunguruma wakitaka mawindo, wakitafuta chakula chao kwa Mungu. Mzaburi haombi radhi kwa hilo. Kwenye Ayubu 38, Mungu mwenyewe anauliza ni nani amwindiaye simba. Hayo yamo kwenye orodha ya kazi zake, wala hayajawekwa chini ya matunda ya dhambi.

Linabaki doa, na sikuwaficha wanafunzi. Isaya anaona siku ambayo simba atakula majani kama ng'ombe, na Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua. Kama kuwinda ni kwema, kwa nini ahadi ni kwamba kutakoma? Ninachoweza kusema ni kwamba "vyema" ya Mwanzo ni ya kazi iliyoanza safari, na mwisho wake uko mbele yetu. Mateso ya wanyama kwa mamilioni ya miaka bado yananilemea nikiyafikiri, na sijasoma mwanatheolojia aliyeniondolea mzigo huo wote.

Kisha kuna Adamu, ambaye ndiye hasa watu wanamgombania hata wanapotaja dinosaria. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili Kenya walipinga namna makumbusho ya Nairobi yanavyoonyesha masalia ya binadamu wa kale. Dinosaria hawakuwasumbua kwa kiasi hicho. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na wazazi wamisionari, na aliyewahi kutamani kuwa mmisionari mwenyewe, alianza kazi ya kuchimba palepale Tendaguru mwaka 1924 kabla ya kugeukia masalia ya watu. Swali la Adamu linataka makala yake.

Jumapili ya mwisho nilimwambia yule binti kwamba aandike mtihani wake wa baiolojia bila kujiona msaliti, na asimdharau mama yake, kwa sababu mama analinda kitu cha thamani. Kuhusu safina, nikamwambia dinosaria hawakuikuta. Tukamaliza kwa Zaburi 104, akasoma yeye. Kwenye mstari wa 29, "Waiondoa pumzi yao, wanakufa, na kuyarudia mavumbi yao," akainua macho akauliza kama na wale wa Tendaguru wamo hapo. Nikamjibu kwamba naamini wamo. Akarudi kwenye simu yake, akatafuta mstari alipoishia, akaendelea na wa 30.